Subaru Forester ya turbo, injini EJ205: shajara ya kuirudisha barabarani

Tar 6 Januari

Haya, gari iko home. Forester SG5 ya 2004, silva, ile yenye pua juu ya boneti, odo inasoma 171,000. Nimeichukua Kimara nikaja nayo mpaka Tabata na ndani ya hizo kilomita chache nimeshajua kwa nini jamaa aliniuzia bei ile bila kubishana sana. Kwenye kupandisha flaiova ya Ubungo nimekanyaga mafuta mpaka chini, gari ikalia fyuuuuu kama tairi inatoa upepo, moshi mweusi nyuma, halafu Noah iliyojaza abiria na magunia ikanipita. Noah! Wife kaja kuangalia akaniuliza hii ni gari au kibatari.

Dalili nilizonazo mpaka sasa: sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka na kumisi, yaani kuna silinda inaruka bila kuwaka, nguvu hamna, taa ya cheki injini inawaka muda wote na ukiongeza mwendo inablinki, mafuta inakunywa kama ina hasira na mtu. Aliyeniuzia kasema "turbo imechoka kidogo tu braza". Sentensi hiyo naiweka hapa makusudi maana tutairudia.

Sasa kwa asiyeijua hii injini. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukumie injini hewa zaidi. EJ205 ni cc 1994, silinda nne zimelala, mbili kulia mbili kushoto, kipenyo cha silinda 92 mm na pistoni inatembea 75 mm, yaani ni fupi na pana. Ina kemshafti nne, valvu 16, na ya kwangu ina AVCS, ule mfumo unaosogeza muda wa valvu za kuingiza hewa kwa kutumia presha ya oili (hapo pa oili pashike, patatuletea mambo). Kiwandani kwenye Forester hii ilitoka na nguvu za farasi (PS) 220 kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, Nm 309 kwenye 3,500, mbano 9 kwa 1 (hewa inabanwa mpaka sehemu moja ya tisa). Mwenzake asiye na turbo, cc hizo hizo, anacheza kwenye 140 hivi, kemshafti mbili tu. Kwaiyo mtu akikwambia "zote ni Forester two litre spea zinaingiliana" muulize zipi, maana hedi si zile, pistoni si zile, plagi si zile. Na wale wanaotaka kufunga turbo juu ya injini isiyo ya turbo wajue mbano wake ni 10 hivi, hapo ukiweka na presha pistoni inabomoka kabla hujafika Chalinze.

Tar 8 Januari

Nimeipitisha kwa mafundi watatu siku moja, Jumamosi, kwa makusudi kabisa, nione kila mmoja atasema nini.

Wa kwanza hakufungua boneti. Kasikiliza mluzi akasema turbo imekufa, anayo used, laki nne na nusu na ufundi laki. Wa pili kafungua, kachomoa stiki ya oili, kainusa, akasema bosi hii usihangaike nayo, kuna nosikati (nusu ya mbele ya gari iliyokatwa Japani, na injini yake) imeingia juzi, weka injini nzima milioni tatu na nusu ulale usingizi. Wa tatu ndo kaniacha hoi, gari haina shida ya kuchemsha hata kidogo ila yeye kasema kwanza tutoe themostati "hili joto la Dar halitaki themostati", kisha nikagundua kumbe ilishatolewa zamani.

Hakuna hata mmoja aliyepima kitu chochote. Sisemi mafundi wetu hawajui, wanajua sana mikono yao, ila biashara imekaa kwenye kuuza spea na kupima hakuna anayekulipa.

Tar 13 Januari

Nimejaribu kusoma kodi za hitilafu kutoka kwenye kompyuta ya gari kwa kile kidude cha bluetuthi cha elfu ishirini, hakishiki. Hizi Subaru za soko la Japani za miaka hiyo nyingi zinaongea lugha yake, mpaka waya wa USB wa aina ya KKL, ule ule wanaotumia watu wa VW za zamani, na laptopu yenye programu ya FreeSSM. Nimeazima.

Kabla ya hapo nilicheza na zile soketi za kijani chini ya dashi upande wa dereva. Ukiziunganisha zile mbili za kijani halafu ukafungua swichi bila kuwasha, gari inaingia kwenye hali ya majaribio, feni zinawaka na kuzima zenyewe, relei zinapiga tak tak, pampu ya mafuta inaunguruma na kunyamaza. Mtoto wa jirani alidhani gari ina jini. Ukimaliza zichomoe, usiendeshe nazo hivyo.

Kodi iliyotoka ni P0302, silinda namba 2 inamisi. Kwenye hii injini namba 1 na 3 ziko kulia, namba 2 na 4 kushoto, kwaiyo namba 2 ni ile ya mbele upande wa abiria. Nimetoa betri, nimetoa chombo cha maji ya waipa, mkono unapita kwa shida, nimechomoa koili ya namba 2 na imekuja inachuruzika oili kama kipande cha chapati. Shimo la plagi limejaa oili. Ugonjwa huo ni wa kawaida sana kwenye hizi, sili za duara zinazozunguka shimo la plagi ndani ya tapeti kava (mfuniko wa valvu) zinakauka na kuwa ngumu kama plastiki, oili inaingia, inaua mpira wa koili, cheche inapotea njia.

Nimedondosha ekstenshoni nyuma ya betri nikaitafuta dakika arobaini na sumaku, naandika hili ili nikumbuke kuifunga kamba siku nyingine.

Tar 20 Januari

Gasketi za tapeti kava pande zote mbili zimebadilishwa pamoja na sili za mashimo ya plagi, plagi nne mpya za platinamu (zilizokuwemo ni NGK PFR6G, nimerudishia hizo hizo), koili moja used. Plagi nilizinunua mara mbili. Za kwanza za duka moja la Kariakoo zilikuwa bei nzuri mno, nikiziangalia maandishi yanafutika kwa kidole, nikazirudisha wakakataa kurudisha hela wakanipa soksi za rejeta. Kweli, hosi mbili za rejeta. Nikazichukua, nitafanyaje.

Plagi zote zikiwa nje nimepima presha ya mbano kwenye kila silinda. Betri ikiwa imejaa, mafuta yamekatwa, mguu umekanyaga mpaka chini ili hewa iingie vizuri: namba 1 psi 148, namba 2 psi 145, namba 3 psi 150, namba 4 psi 146. Kwa injini ya umri huu mi nimeshukuru. Kinachotazamwa hapo ni zikaribiane, ukikuta moja imeshuka peke yake ndo uanze kuwaza ringi au pistoni iliyomeguka kwenye mfereji wa ringi, ambao ni ugonjwa unaosikika zaidi kwa kaka zake wa 2.5, EJ255 na EJ257, kuliko huyu.

Kwaiyo ile "weka injini nzima" imekufa leo. Milioni tatu na nusu imebaki mfukoni, yaani ingekuwa mfukoni kama ningekuwa nayo.

Kumisi kumeisha. Mluzi na moshi viko pale pale.

Tar 27 Januari

Leo ndo siku ya turbo.

Kwanza nimetoa bomba la hewa kabla ya turbo nikaingiza vidole, nikaishika feni ya turbo nikaitikisa. Kulia kushoto inacheza kidogo sana, kuingia na kutoka haichezi kabisa, mapanga hayajagusa ukuta, oili hamna zaidi ya ule unyevu wa kawaida. Turbo iliyokufa haiko hivi. Haya, kama si turbo basi presha inatengenezwa na inaibiwa njiani.

Nikaenda hadiwea nikanunua endi kepu ya bomba la PVC inchi 3, nikaitoboa katikati, nikapachika valvu ya tairi la tyublesi, nikazungushia insoletepu mpaka ikakaza kwenye hosi inayotoka kwenye sensa ya hewa. Nikasukuma gari mpaka kwa dogo wa pancha hapa kona, maana yeye ndo mwenye kompresa. Nikamwambia dogo jaza upepo. Akazunguka gari lote anaangalia matairi. "Tairi gani braza?" Nikamwonyesha injini. Alivyocheka mpaka wenzie wa bodaboda wakaja.

Tumejaza taratibu mpaka psi 12, usizidishe hapo, na mfuniko wa oili nimeufunga vizuri na hosi ya kupumulia nimeiziba maana upepo unapenda kukimbilia huko. Dogo akaleta ndoo yake ya maji ya sabuni, ile ya kutafutia pancha, tukamwagia kwa brashi kila kiungo. Kwenye bomba la plastiki lenye umbo la Y linalokaa chini ya intakula (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo), linalotoa hewa kwenye turbo kupeleka intakula, povu likatoka kubwa kama embe. Ufa wa nusu kiganja, upande wa chini ambao huwezi kuuona mpaka uitoe intakula yenyewe. Dogo kasema "hii ni pancha kabisa". Na kweli ni pancha.

Sasa ona inavyohusiana na moshi mweusi. Sensa ya hewa iko mwanzo kabisa, inapima hewa yote inayoingia, kompyuta inamwaga mafuta kulingana na hewa hiyo, halafu nusu ya hewa inatokea kwenye ufa kabla ya kufika kwenye silinda. Mafuta yapo, hewa haipo, moshi mweusi. Ndo maana gari ilikuwa inakunywa na haina nguvu kwa wakati mmoja. Na mluzi ni ule ufa.

Bomba used nimelipata Ilala, elfu sitini, nimekagua juani kwanza nikiwa nimelikunja kidogo kuona kama lina mstari. Nimebadilisha na klipu za hosi zote za intakula. Geji ya presha niliyoifunga ilikuwa inaishia baa 0.4, leo imefika 0.8 na inashika. Nilipokanyaga Mandela Road nikajikuta nacheka peke yangu kwenye gari.

Jumla mpaka hapa kwa hiyo "turbo imechoka": elfu sitini, endi kepu, na buku tano ya dogo.

Tar 3 Februari

Ningeishia hapo ningekuwa nimeua turbo kweli baada ya miezi michache.

Kuna mzee mmoja fundi pale Gerezani, alianza na Subaru tangu zile za miaka ya tisini, nilimpelekea stori yangu nikijisifu. Kanisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, mwanangu, kichujio cha oili ya turbo umekitazama? Nikamwambia filta nimebadilisha mzee. Akasema si hiyo.

Kumbe kwenye bolti lenye tundu linaloshika bomba la oili nyuma ya hedi ya kulia, ndani yake kuna kichujio cha wavu, kidogo kama ncha ya kidole cha mtoto. Oili ya kwenda kwenye turbo inapita hapo. Mtu akichelewesha kumwaga oili, masizi yanajaa kwenye huo wavu, turbo inakosa oili, beringi zake zinakwisha, na fundi anafunga turbo nyingine juu ya kichujio kile kile kilichoziba, nayo inakufa ndani ya mwezi halafu wanasema spea used hazina maisha. Mzee kalifungua la kwangu pale pale, na washa za shaba mpya kaziandaa pembeni. Wavu ulikuwa umeziba zaidi ya nusu, mweusi, na upande mmoja umeanza kuchanika. Ukichanika vipande vinakwenda wapi? Kwenye turbo.

Mzee akasema hizi injini haziuliwi na mbio zinauliwa na kiu. Nami nimeanza kuangalia stiki ya oili kila Jumatatu asubuhi kabla sijawasha, gari ikiwa sehemu tambarare, maana stiki ya Subaru ukiichomoa injini ikiwa moto inakudanganya, upande mmoja imejaa upande mwingine haina kitu. Injini hii inachukua lita nne na kidogo tu, ikipungua lita moja hapo ndo beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki) zinaanza kukauka kwenye kona au kwenye mlima mrefu, na ukishasikia kok kok kok inayofuata mguu wa mafuta basi imenoki, hapo hata maombi hayasaidii. Kiwandani wanataka 5W-30. Mi kwa foleni na joto la huku naweka 5W-40 ya sintetiki na namwaga kila 5,000.

Tar 10 Februari

Yule fundi wa nosikati kanipigia tena. Sasa hivi kaja na EJ20X, ya Legacy GT, "inaingia moja kwa moja bosi, plagi na kwenda". Nilikaa nayo usiku mzima hiyo, siongopi, tamaa ilinishika.

Inaingia ndiyo, belhauzi (pale injini inapounganika na giaboksi) na mauntini (vishikio vya injini) zinakubali. Moja kwa moja ndo uongo. EJ20X ina AVCS kwenye kemshafti za kuingiza na za kutoa pia, mbano 9.5, throto ya umeme, na turbo yake ni ya tundu pacha yenye manifoldi ya ekzosi tofauti kabisa. Kompyuta ya EJ205 haina habari na AVCS ya upande wa kutolea moshi. Njia wanayopita wengi ni kuchukua injini tupu ya EJ20X, wanahamishia manifoldi ya hewa, waya, manifoldi ya ekzosi na turbo kutoka kwenye EJ205, zile AVCS za upande wa kutolea moshi wanaziacha bila kuunganisha. Inafanya kazi, ila lazima kompyuta irekebishwe na mtu anayejua kwa sababu mbano umepanda, na petroli ya sheli zetu si ile waliyoitegemea Japani ambako premium yao huwa oktani 100. Oktani ikiwa ndogo injini inagonga ndani kwa ndani, sensa ya kunoki inarudisha muda wa cheche nyuma, nguvu ulizozifuata zinapotea, na hiyo ikiwa sensa ni nzima. Sensa yenyewe ipo juu ya bloku chini ya manifoldi, inapasuka kwa uzee, na bolti lake linakazwa Nm 24 tu, usilipige kwa hasira.

Ile ya 2.5, EJ255, cc 2457, nayo inaingia. Japani waliifunga wenyewe kwenye Forester STI, ile SG9 ya PS 265. Ila huko unarudi kwenye habari za mifereji ya ringi niliyosema, na giaboksi yangu ni otomatiki ya gia nne, mzee tayari. Na jambo ambalo watu wanalisahau kabisa wakinunua nosikati: ukibadilisha giaboksi, uwiano wa difu ya nyuma lazima uwe sawa na wa mbele. Ukikosea gari itatembea vizuri wiki mbili halafu klachi za kugawa nguvu nyuma na mbele zinaungua. Hata matairi, mawili mapya mawili yaliyokwisha, unaiumiza kidogo kidogo kila siku.

Nimemjibu fundi asante. Kasema nitamtafuta.

Tar 24 Februari

Taiming belti. Stika iliyopo chini ya boneti ni ya Kijapani, imeandikwa kilomita 98,000 kwa kalamu, na baada ya hapo hakuna anayejua. Kiwandani wanasema 100,000, na hii injini belti ikikatika valvu zinagonga pistoni, hakuna bahati. Nimebadilisha belti, tensheni, roli zote na wota pampu kwa sababu inazungushwa na belti hiyo hiyo, na roli moja ilikuwa inatoa sauti kama inasaga mchanga.

Anayefanya hii mwenyewe: upande wa abiria kemshafti zimebeba nguvu ya springi za valvu, ukitoa belti zinaweza kuruka zenyewe kwa kishindo na kupindisha valvu. Mzee wa Gerezani alizishika kwa kifaa chake cha kuchonga mwenyewe, mi nilikuwa namulika tochi na kunyamaza. Tulihesabu alama mara tatu, tukazungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili, zikarudi, ndo tukafunga.

Tulipofungua mbele tukatazama na skrubu za mgongo wa pampu ya oili. Mbili zimelegea, nazo ni maarufu kwa hilo. Zimekazwa na gundi ya kushikia nyuzi.

Tar 9 Machi

Themostati imerudishwa, ya dukani ya Subaru, kubwa, si ile nyembamba. Bila themostati injini haikuwa inafika joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta ya kuamshia. Maji nimejaza kupitia lile tenki dogo la juu karibu na intakula, mbele ya gari imepandishwa jeki ili hewa itoke, hita imefunguliwa yote, mi na mzee tunatoka jasho kama tuko kwenye tanuri.

Leo alfajiri nimeenda nayo Bagamoyo na kurudi. Presha ya turbo baa 0.8, sindano ya joto haijasogea hata pale Tegeta kwenye foleni ya kurudi. Nimepata kilomita 9 kwa lita, ilianza na 5. Oili imeshuka kidogo sana kwenye stiki, naandika alama leo nitapima tena baada ya 1,000. Kuna tik tik ya ekzosi ikiwa baridi, gasketi ya bomba la kupanda kwenye turbo inavuja, ikipata moto inaziba yenyewe. Bolti zake mbili zimekula kutu mpaka zimekuwa duara, zinasubiri Jumamosi na mtu wa welding.

Noah sijaiona tena, naipitia kila siku pale Ubungo.